Jengo Nalo ni Shahidi

Kila askari polisi hufundishwa mapema kwamba mahali palipotendeka jambo hapaguswi kabla ya kuandikwa na kupigwa picha. Nyayo zilizo vumbini, kitasa kilichovunjwa, kikombe kilichopinduka mezani, vyote hivyo ni ushahidi. Na ushahidi ukishapotea, kesi hubaki kuwa maneno ya huyu na ya yule. Kanuni hiyo ya kazini yaufaa mji pia. Mji ni mahali palipotendeka mambo mengi, mema na maovu, na majengo yake ya zamani ni mashahidi wanaosalia baada ya wazee kwisha kuondoka duniani.

Mjini Kampala mashahidi hao wanapungua. Juu ya kilima cha Old Kampala, pale alipojenga ngome yake Kapteni Frederick Lugard mnamo 1890, ndipo ulipowekwa mwaka 1908 mkusanyo wa vitu vya kale uliokuwa mwanzo wa Makumbusho ya Uganda. Wenyeji waliiita nyumba ile Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya pembe za uganga, kwa kuwa humo walijua kuna vitu vya ibada za wazee wao. Leo ngome ile ya asili haipo. Ilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa ujenzi wa Msikiti wa Taifa, na mfano wake ukajengwa kando. Mtoto wa shule anayetaka kujua ngome yenyewe ilivyokuwa hana budi kutazama picha. Na lau kama wapiga picha wa zamani wasingalipanda kilima kile, hata hizo asingalizipata.

JUMBA LA KITANTE

Mkusanyo wenyewe uliokoka, kwani ulikuwa umehama zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ulipelekwa Makerere, na mwaka 1954 ukapata makao yake ya kudumu katika jumba jipya lililojengwa kwenye kilima cha Kitante, kando ya Barabara ya Kira. Askari wengi wa Kampala hulipita jumba hilo kila siku wakienda na kurudi kazini bila kuligeukia. Si kosa lao. Jumba hilo halina kuba, wala mnara, wala nguzo za kujigamba kama zile ambazo wakoloni walipenda kuziweka mbele ya mabenki na mahakama zao. Limelala juu ya majani, refu kuliko kimo chake, kuta zake nyepesi, na madirisha yake yamepangwa kwa utaratibu kama askari walio kwenye gwaride.

Uzuri wake huonekana kwa anayeingia ndani. Mchana, mwanga hushuka kutoka juu bila kuchoma macho, na hewa hupita bila mtambo wa kuipuliza. Jengo hilo lilichorwa na mtu aliyekwisha kukaa Afrika ya Mashariki karibu miaka ishirini, akajua jua la Ikweta lina tabia gani. Mtu huyo aliitwa Ernst May. Maisha yake ni mazito kuliko vile jumba lenyewe linavyoonyesha.

MSANIFU NA JIKO DOGO

Ernst May alizaliwa mjini Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886. Akiwa kijana alifanya kazi Uingereza chini ya Raymond Unwin, bingwa wa kupanga vitongoji vyenye bustani, na hapo akapata wazo ambalo hakuliacha maisha yake yote: kwamba mtu wa kipato cha chini naye anastahili nyumba yenye hewa, jua na kipande cha ardhi. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alivaa sare za jeshi la nchi yake kama vijana wengine wa rika lake. Baada ya vita aliwajengea watu wa mashambani makazi huko Silesia, na mwaka 1925 mji wake wa kuzaliwa ukamwita awe mkuu wa ujenzi.

Frankfurt ya wakati huo ilikuwa na familia nyingi zilizobanana katika vyumba visivyo na jua. Kwa muda wa miaka mitano May na wenzake walijenga makazi kwa maelfu, wakitumia sehemu za kuta zilizotengenezwa kiwandani na kuunganishwa mahali pa ujenzi. Mmoja wa wenzake alikuwa mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, ambaye mwaka 1926 alichora jiko lenye upana wa mita 1.9 tu na urefu wa mita 3.4. Alihesabu hatua za mama wa nyumba kutoka kwenye moto hadi kwenye beseni, kutoka kwenye beseni hadi kwenye meza, akazipunguza. Kila chombo kilipewa mahali pake, na unga, sukari na mchele vikawekewa visanduku vyao. Majiko ya aina hiyo yalijengwa yapata elfu kumi. Mama anayepikia katika chumba chembamba cha kambi, anayejua uchovu wa kuvuka nyumba nzima kwa ajili ya chumvi, ataelewa mara moja mwanamke yule alikuwa akitafuta nini.

Mwaka 1930 May aliondoka Ujerumani pamoja na kundi la wasanifu, akaenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji mipya ya viwanda, na miongoni mwayo ni Magnitogorsk. Kazi ile haikwenda kama alivyotarajia. Ilipofika mwaka 1933, mlango wa nyuma nao ukafungwa: Hitler alitwaa utawala Ujerumani, na May, aliyekuwa na asili ya Kiyahudi katika ukoo wake na ambaye kazi zake zilichukiwa na Wanazi, hakuwa na nyumbani pa kurudi. Mtu aliyewapa maelfu nyumba akabaki mwenyewe hana nyumba.

MKULIMA, MFUNGWA, MPANGA MJI

Mwaka 1934 aliwasili Tanganyika, nchi iliyowahi kutawaliwa na Wajerumani na ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Alinunua shamba karibu na Arusha, akawa mkulima wa kahawa. Lakini mkono uliozoea kalamu hausahau. Mwaka 1937 alikuwa Nairobi, amefungua ofisi ya usanifu.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Kiingereza haikutazama kwa nini alikimbia Ujerumani. Ilitazama alizaliwa wapi. Mwaka 1940 alikamatwa kama raia wa nchi adui, akapelekwa Afrika ya Kusini, akawekwa kizuizini kwa muda wa miaka miwili hivi. Basi mtu mmoja alikuwa adui wa Wanazi kwa sababu ya ukoo na fikra zake, na adui wa Waingereza kwa sababu ya mahali alipozaliwa. Askari aliyepata kulinda wafungwa wa vita au wakimbizi mpakani anajua kwamba karatasi aliyoishika mtu haielezi habari zake zote.

Ajabu ni kwamba Waingereza haohao, vita vilipokwisha, walimpa kazi kubwa. Kati ya mwaka 1945 na 1947 alipewa jukumu la kuchora mpango wa kuupanua mji wa Kampala upande wa Kololo na Naguru. May alizisoma vilima na mabonde, akataka barabara zifuate mwinuko wa ardhi badala ya kuukata, na akataka makundi ya nyumba yatenganishwe na maeneo ya majani na miti. Kwa upande wa ufundi, mpango ule ulikuwa na akili.

Hata hivyo, ushahidi husemwa wote au hausemwi. Mpango ule ulifuata sheria ya ukoloni ya kuwatenga watu kwa rangi zao. Wazungu na Waasia walikadiriwa upande wao, na Waafrika walipewa upande wa Naguru. Maeneo yale ya majani yaliyopendeza kwenye ramani yalikuwa pia mipaka. May, aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya asili ya ukoo, hakuikataa kazi ya kupanga mji ambamo asili ya mtu iliamua atalala wapi. Alidhani kwamba Mwafrika hana budi kulelewa polepole, hatua kwa hatua, ndipo afikie maisha ya mji, kana kwamba Kibuga cha Buganda, chenye barabara zake na nyua zake, hakikuwako kabla ya Lugard kupiga hema. Aliyeonja uchungu wa jambo si lazima alitambue jambo lilelile linapomfika mwingine.

Hilo laweza kumfanya mtu aseme: basi na libomolewe, kwani lina faida gani jengo la mkoloni? Jibu liko ndani ya jumba lenyewe.

WAKIMBIZI WAWILI

Alipokuwa May akichora jumba la Kitante, mtunzaji wa Makumbusho alikuwa Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin, Myahudi wa asili, mtaalamu wa muziki, ambaye naye aliikimbia Ujerumani ya Hitler na kufika Uganda mwaka 1937. Alishika kazi ya Makumbusho kuanzia mwaka 1948 hadi 1957. Wachsmann alizunguka nchi nzima na mashine ya kunasia sauti, akanasa nyimbo na ala zaidi ya elfu moja, za ikulu na za vijijini. Tena hakutaka ngoma zikae kabatini kama maiti. Wapigaji waliajiriwa katika Makumbusho ili wageni wazisikie, na maarufu kati yao alikuwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Buganda aliyekuwa amepiga mbele ya Kabaka.

Hivyo nyumba iliyochorwa na mkimbizi mmoja ilijazwa sauti na mkimbizi wa pili, na sauti zenyewe zilikuwa za wenyeji. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walionena hivyo hawakusema kwamba mgeni hana kasoro. Ule mkusanyo ulioanza kwenye nyumba ya pembe za uganga, chini ya bunduki za ngome, ulifika Kitante ukawa mahali ambapo mtoto wa Acholi anaona shoka la Bugisu, na mtoto wa Ankole anasikia ngoma ya Busoga. Jengo lilibuniwa katika zama za ukoloni. Kazi yake imelishinda zama hizo.

May mwenyewe hakukaa kulitazama. Mwaka 1954, mwaka ambao jumba lilianza kazi Kitante, yeye alikwisha kurudi Ujerumani, akaanza kazi Hamburg, ambako nyumba mpya zilihitajiwa kwa wingi baada ya vita. Alifariki huko mwaka 1970. Nyuma yake aliacha Afrika ya Mashariki majengo mengine, kama lile la chama cha ushirika cha Wachagga mjini Moshi na Hoteli ya Oceanic mjini Mombasa.

KUPIGA PICHA YA JENGO

Anayetaka kulipiga picha jengo la namna hii na aanze kwa kulizunguka bila kuitoa kamera mfukoni. Kampala iko karibu mno na mstari wa Ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Ukuta unaotazama kaskazini hupata jua lake mwezi Juni. Ule wa kusini hungoja Desemba. Kuta za mashariki na magharibi hupigwa kila siku, na hiyo ndiyo sababu wasanifu wa nchi za joto hupenda kuuelekeza ukuta mrefu kaskazini au kusini na kuufanya ukuta wa mashariki na wa magharibi kuwa mfupi. Mpiga picha anayelijua jambo hilo anaanza kulisoma jengo kama aliyelichora alivyolisoma.

Saa za asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, na jioni baada ya saa kumi, mwanga huja kwa ubavu, na kila ukingo wa ukuta hutupa kivuli chake. Adhuhuri jua huwa utosini na jengo huonekana bapa kama karatasi. Kamera ishikwe sawa, isiinuliwe juu, la sivyo kuta zitaonekana zikiegemeana. Ni heri kurudi nyuma hatua ishirini. Kisha zipigwe picha za vitu vidogo ambavyo hakuna anayevikumbuka: kitasa, ngazi, ukingo wa dirisha, namna maji ya mvua yanavyoshuka kutoka paani. Jengo likibomolewa, hivyo ndivyo vinavyopotea bila hata kuagwa.

Lakini mpiga picha haendi peke yake. Mlangoni yuko askari. Na iwe kwamba kijana amefika na kamera, akasema, "Habari ya kazi, afande. Naomba ruhusa ya kulipiga picha jumba hili kwa nje." Askari asiyejua historia ya anacholinda atamfukuza, maana kufukuza ni rahisi. Askari anayeijua atamwuliza jina na kazi yake, atamwelekeza kwa msimamizi, na huenda akamwonyesha upande ambao jua la jioni hupiga vizuri. Sheria inabaki pale pale: kambi, ghala la silaha na mahali pa ulinzi hapapigwi picha bila kibali, na raia hana budi kulitii hilo bila kinyongo. Ila makumbusho, shule ya zamani au kituo cha reli si siri ya vita. Ni mali ya wananchi, na askari ni mmoja wa wenye mali.

LILILOTAKA KUTOKEA

Mwaka 2011 Serikali ilitangaza mpango wa kujenga mahali pa Makumbusho kituo cha biashara cha ghorofa sitini. Wananchi wanaopenda urithi wa nchi walipinga, vyama vyao vikaenda Mahakama Kuu, na magazeti yakajaa hoja za pande zote mbili. Waliotaka mnara walisema nchi inahitaji fedha na ajira, na hilo si neno la kudharauliwa. Wapinzani walisema mnara waweza kujengwa kwenye kiwanja chochote, lakini jumba la Kitante likibomolewa halijengeki tena. Mnara haukujengwa. Jumba limesimama.

Mwaka huohuo nyumba za Nakawa na Naguru, zilizojengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, hazikupata bahati hiyo. Familia zilizoishi humo zilihamishwa na nyumba zikavunjwa ili kupisha mji mpya. Nyumba zile zilikuwa finyu na zimechoka. Wengi hawakuzilia kuta zake. Lakini mtu aliyezaliwa humo, akitaka kuwaonyesha wanawe mlango aliojifunzia kutembea, atawaonyesha nini kama hana picha?

Mwaka 2015 shirika la kuhifadhi tamaduni, Cross-Cultural Foundation of Uganda, lilitoa kitabu cha picha za majengo ya kihistoria ya Kampala, Jinja na Entebbe. Mwaka huohuo, katika ghala la shirika la utangazaji la taifa, ziligunduliwa negativu za filamu zipatazo elfu sabini, kazi ya wapiga picha wa Serikali, nyingi zikiwa za miaka ya utawala wa Idi Amin. Zilikuwa ndani ya bahasha. Mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa hadharani, na mahali palipochaguliwa palikuwa jumba la Kitante. Watu walisimama mbele ya picha hizo wakitafuta nyuso za jamaa zao, na wapo waliozijua nyuso ambazo hazikurudi nyumbani. Wapiga picha wale walitumwa kuutukuza utawala, lakini filamu zao zilihifadhi zaidi ya walichoagizwa.

KAZI YA NYUMBANI

Familia za askari huhama mara kwa mara. Leo Nsambya, kesho Gulu, kesho kutwa Mbarara. Na kila uhamisho huacha kitu nyuma. Kwa hiyo ni vema kabla ya kufunga mizigo, jamaa wote wasimame mbele ya nyumba wanayoiacha, wapigwe picha moja, nyumba ionekane yote pamoja na mti ulio uani. Nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli mambo manne: mahali, tarehe, majina, na kazi aliyoifanya baba au mama hapo. Picha zisikae karibu na moshi wa jiko wala ukutani penye unyevu. Ziwekwe ndani ya bahasha ya karatasi, sandukuni, mbali na sakafu. Zilizo kwenye simu zitolewe nakala na kutunzwa mahali pawili, kwani simu huibiwa na simu hufa.

Siku ya mapumziko nayo yaweza kutumika kuwapeleka watoto Kitante. Kwanza waisikilize ngoma. Kisha wainue macho waone mwanga unavyoingia. Mwisho waambiwe habari za mtu aliyeuelekeza mwanga huo: alijenga nyumba za wengine, akakosa yake, akafungwa bila hatia, na bado akauchora mji uliowagawa watu. Waambiwe yote. Mtoto aliyezoezwa kuusikiliza ushahidi wote tangu utotoni, akija kuvaa sare, hataharakisha kumhukumu mtu kwa karatasi aliyoishika, wala hatauacha ufa ukutani mpaka ukuta uanguke.